Kaskazi imeingia, maziwa hayangoji

Maelekezo mengi ya mala, maziwa ya kugandisha, yanasema "acha usiku kucha". Huko yalikoandikwa, usiku ni nyuzi 20. Lamu wakati huu wa kaskazi jikoni ni karibu 28 hata usiku, na maziwa yaliyotiwa mbegu, yaani mala kidogo iliyo hai ya kugandishia, baada ya Isha, ikifika alfajiri yameshapitiliza: maji ya kijani hafifu yamesimama juu, mgando umejikaza chini. Yanalika, lakini uchachu wake unakata ulimi, na inasikitisha kuona maziwa mazuri yamefikishwa hapo kwa kufuata saa ya watu wengine.

Kila mbegu ina joto lake. Bakteria wa mala, jamii ya Lactococcus, hupenda nyuzi 22 hadi 30. Wa yogati ni wawili wanaosaidiana, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus, nao wanataka 40 hadi 45. Chembe za kefiri, maziwa mengine ya kuchachusha, ambazo asili yake ni milima ya Kaukasi, zina bakteria na hamira pamoja, na hutulia kwenye 18 hadi 24. Hewa yetu imekaa katikati: baridi kwa yogati, kali kwa kefiri, na kwa mala ni kama imepimwa. Anayeanza na aanze na mala.

Maziwa yanayovushwa kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, yameshakaa na joto la njiani, basi yachemshe yakifika tu. Najua wapo wanaosema maziwa mabichi huganda yenyewe na ndiyo matamu. Huganda, kweli, lakini ugonjwa wa brusela hupita humo humo, na uchachu si kinga ya kutegemea. Tena moto una faida nyingine: hulegeza protini zikashikana vizuri baadaye, ndiyo maana maziwa yaliyochemshwa hutoa mgando mzito. Yakishapanda, punguza moto, koroga dakika 10 yasishike chini. Kisha kalisha sufuria ndani ya beseni la maji na uifunike kwa kawa. Kifuniko cha bati hurudisha matone ya mvuke ndani, kawa inapitisha. Malai yakitanda juu, yaondoe.

Tia tone moja ndani ya kifundo cha mkono. Likiwa halichomi, na lina ubaridi kidogo, maziwa yako tayari.

Kwa lita 1 tia vijiko 2 vya chakula vya mala hai isiyo na sukari. Kaskazi ikikaza, kijiko 1 kinatosha. Ivuruge mbegu kwanza na maziwa kidogo mpaka mabonge yaishe, ndipo uimimine. Soma pakiti kabla ya kununua, kwa kuwa baadhi hupashwa moto baada ya kuganda ili zikae dukani, na hizo hazina kilicho hai. Hamishia kwenye chupa ya kioo au chombo cha udongo, maana uchachu hula sufuria ya alumini.

Kuanzia saa ya saba tangu utie mbegu, angalia kila baada ya muda mfupi. Inamisha chupa polepole. Yakiwa bado, maziwa hutiririka na kuacha utando kwenye kioo. Yakiwa tayari, huachana na ukuta yote kwa pamoja, kioo kikabaki safi, na pembeni huonekana mstari mwembamba wa maji. Hapo hapo yaingie kwenye friji, bila kutikiswa, kwani mgando ukivunjwa una joto huachia maji. Yakipoa kabisa ndipo uyapige kwa mwiko, utie chumvi kidogo au sukari na iliki. Mbegu ya kesho ichote kabla ya mtu yeyote kuchovya kijiko, na uitumie ndani ya wiki.

Yasipoganda baada ya saa 14, ama mbegu iliungua kwa maziwa ya moto, ama ng'ombe alikuwa kwenye dawa ya kiwele. Dawa hiyo huua bakteria wako pia na kuchemsha hakuiondoi. Muulize muuzaji, ni haki yako. Mgando wenye matundu kama sponji na harufu mbaya ni uchafu wa chombo. Ukiona wekundu au ukungu, mwaga yote, na mbegu yake.

Yogati naipita haraka: nyuzi 43, blanketi, saa 5 au 6, usiiguse.

Kefiri inahitaji kupozwa. Nusu lita huchukua kijiko 1 cha chakula cha chembe, lakini sasa punguza hadi nusu yake, simamisha chupa kwenye maji hadi kiunoni, izungushie kitambaa kibichi mahali penye upepo. Ianze kuangaliwa saa ya kumi tangu utie chembe. Chuja kwa chungio la plastiki, na chembe zirudi kwenye maziwa bila kuoshwa kwa maji ya bomba. Wanaotaka kefiri ya tui la nazi wataipata, na ni tamu, ila tui halina sukari ya maziwa ambayo chembe hula: baada ya mara mbili zirudishe kwenye maziwa ya ng'ombe siku nzima, ama zitadhoofika na kupukutika.