Mahamri na mbaazi: biashara ya kwanza isiyohitaji duka

Anayetaka biashara ya kwanza hapa Mombasa auze kitu ambacho watu wanakitafuta wenyewe kila asubuhi. Mahamri na mbaazi hayahitaji matangazo. Meza, jiko, karai, sufuria na ndoo yenye kifuniko vinatosha kuanzia.

Kilo ya unga wa ngano huchukua sukari gramu 150, hamira kijiko cha chakula kisichojaa, iliki ya kutwanga kijiko cha chai, na tui kama nusu lita. Tui liwe vuguvugu. Likiwa moto, hamira inakufa. Kanda mpaka unga uache kushika mikono, kata madonge tisa, yaache yaumuke. Kwa joto letu, unga uliokandwa magharibi huamka umechacha, kwa hiyo ukikanda usiku punguza hamira kwa nusu. Kila donge ukishalisukuma likate vipande vinne: hayo ni mahamri 36.

Wengi huharibikiwa kwenye karai. Mafuta yasiposhika moto, hamri hulala chini, hunywa mafuta na kubaki bapa. Tia kwanza kipande kidogo cha unga. Kikielea papo hapo, anza. Hamri likipanda, limwagie mafuta ya moto juu kwa upawa, utaliona linafura. Lakini likisukumwa upande mmoja mwembamba na mwingine mnene, halifuri hata ufanyeje.

Mbaazi ziloweke usiku kucha, uzichemshe ziive kabisa ndipo utie tui, jepesi kwanza, zito mwisho, ukikoroga lisikatike. Nazi inunue soko la Kongowea, kwa jumla. Mbaazi za nazi hazilali, kwa hiyo pika zitakazoisha asubuhi hiyo.

Sasa pesa, maana hapa ndipo biashara nyingi hufa. Andika kila kitu: unga, sukari, nazi, makaa, karatasi za kufungia, na mafuta yaliyopungua karaini, ambayo karibu kila mtu huyasahau. Kwa mfano, gharama za mahamri yale 36 zikifika shilingi 360, kila hamri limekula shilingi 10, na ukiliuza 10 umefanya kazi bure. Jilipe kiasi kilekile kila siku, hata kiwe kidogo. Pesa ya mtaji ikae mbali na ya nyumbani. Pochi la Biashara kwenye M-Pesa inasaidia kwa hilo. Na mkopo unaompa jirani uwe na kikomo tangu siku ya kwanza, kwa upole, kabla haujawa ugomvi.

Chukua leseni ya kaunti na cheti cha afya mapema. Ramadhani ikiingia, wateja wa asubuhi huhamia magharibi. Hapo kanda baada ya adhuhuri, mahamri yawe mezani kabla ya adhana.