Makopo sita ya marehemu

Aprili 2021, huku Pennsylvania, Marekani, baruti ilikuwa imeadimika. Rafu za maduka ya bunduki zilikuwa tupu, na sisi tunaojaza risasi zetu wenyewe kwa msimu wa kulungu tulikuwa tukihesabu kila kopo. Ndipo kijana mmoja wa nyumbani, mtu wa Kigoma, akaja kwangu na makopo sita ya zamani, ya pauni moja moja, aliyoyanunua kwenye mnada wa vitu vya mzee aliyefariki.

"Kaka, nimeyapata kwa bei ya chee. Niangalizie, nianze kujaza leo leo."

Nilimwambia kwanza ayatoe jikoni. Tukayapanga juu ya meza ya mbao uani, kivulini, mbali na moto wa aina yoyote.

Yeye aliijua baruti ya gobore. Ile nyeusi, ya shura, mkaa na salfa, ikikaa pakavu hudumu miaka nenda miaka rudi. Hii ya kisasa ya kwenye makopo, iitwayo isiyo na moshi, ni nyingine kabisa. Msingi wake ni nitroselulosi, yaani pamba iliyogeuzwa kwa tindikali, nayo huanza kuoza, polepole sana, tangu inapotoka kiwandani. Ikioza hutoa gesi za oksidi za naitrojeni, gesi hizo huzaa tindikali, na tindikali huuharakisha uozo wenyewe. Ndiyo maana hutiwa kidhibiti, mara nyingi difenilamini, cha kuzinasa gesi hizo. Kidhibiti kikiisha, hakuna tena cha kuuzuia uozo, na joto la dari au gereji hukimaliza upesi kuliko miaka. Wafaransa waliyajua haya kwa msiba: manowari zao Iéna mwaka 1907 na Liberté mwaka 1911 zililipuka bandarini Toulon, na lawama ikaangukia baruti iliyoozea ghalani mwake.

Nilishika kila kopo kwa kiganja kabla ya kulifungua, kwa sababu baruti inayooza vibaya huweza kujipasha moto. Yote yalikuwa baridi. Nikafungua la kwanza nikiwa nimegeuza uso pembeni, nikapepea hewa kwa mkono kuelekea puani. Usiingize pua ndani ya kopo. Nzima hunuka kama etha au pombe kali, harufu inayokaribia ile ya rangi ya kucha. Mbovu huchoma pua kama tindikali ya betri, na ikizidi hutoa moshi wa kahawia.

La kwanza na la pili zilikuwa nzima. Kijiko kimoja cha kila moja juu ya karatasi nyeupe: punje safi, hazijagandana, hakuna vumbi.

La tatu lilitubishanisha. Nilipomimina, vumbi la rangi ya kutu lilipanda, na harufu ikachoma. Kijana akasema ni unyevu tu umeshika bati. Nikampa mfuniko auangalie: nje rangi inang'aa, ndani pameliwa. Unyevu wa chumbani ungeanzia nje.

"Basi tuchome kidogo, Kaka. Ikiwaka si nzima?"

Hapana. Iliyooza nayo huwaka, hivyo jaribio hilo halithibitishi chochote. Kinachoharibika mapema ni mwendo wa kuungua: punje hupakwa kemikali ya kuchelewesha moto, na zikimomonyoka msukumo hautabiriki tena. Risasi moja hukwama kwenye mtutu, nyingine hupandisha shinikizo kupita kiasi.

La nne lilikuwa chungu zaidi kulitupa, maana lilinukia vizuri. Lebo ilitaja baruti ya bunduki ndefu yenye punje za vijiti. Ndani mlikuwa na vibapa vidogo. Mzee alikuwa amelijaza kopo kitu kingine. Baruti ya bastola, inayoungua haraka, ikipimwa kwa kipimo cha bunduki ndefu huipasua bunduki mikononi mwako. Rangi na umbo haviwezi kukuambia ni ipi. La tano halikuwa na lebo, sikupoteza muda nalo. La sita lilikuwa bado na muhuri, nalo likapita.

Kwa hayo matatu yaliyopita nilimwekea masharti: aanzie kipimo cha chini kabisa cha kitabu cha vipimo vya kujazia risasi, kwa jina lile lile la baruti, ajaze risasi kumi tu, si mia mbili, na anuse makopo kila baada ya miezi michache. Baruti inayooza ndani ya risasi huila shaba kutoka ndani, ganda likageuka kijani na shingo yake kupasuka. Fataki, vile vibati vya kuwashia baruti ndani ya risasi, zikae mbali na makopo.

Mjini kuchoma kumekatazwa, kwa hiyo yaliyokataliwa tuliyamwaga kwenye nyasi, tabaka jembamba mno uwanja mzima, na naitrojeni yake ikawa mbolea. Shambani ningechoma mahali pa wazi: isizidi pauni moja kwa mara moja, kina kisizidi inchi moja, na utambi wa karatasi unaokupa nafasi ya kuondoka kabla moto haujafika.

Makopo matupu tuliyaosha, tukabandua lebo, kisha kijana akayakanyaga moja moja mpaka yakawa bapa, asije mtu akayajaza tena.