Mwarobaini kwenye gunia la karanga

Mwaka ule nilivuna magunia sita ya karanga, na nililoliharibu ni lile nililolihangaikia kuliko yote.

Niko Kongwa, Dodoma. Tangu watu walipokufa kwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa mazao, mkoani kwetu na kwa majirani zetu wa Manyara mwaka 2016, neno hilo linatajwa hadi kilabuni, ingawa yaliyolaumiwa zaidi yalikuwa mahindi. Mimi karanga ndizo nasaga kwenye uji wa mtoto, ndizo naungia mlenda. Niliposikia kwamba mwarobaini huzuia ukungu, sikuuliza mara mbili. Nikakata matawi mabichi, nikapanga karanga na majani tabaka kwa tabaka, nikafunga gunia, nikaenda zangu kulala.

Wiki tatu baadaye nikaingiza mkono. Ndani kuna joto kama chini ya kuku anayeatamia. Majani yamekuwa meusi na yametoa maji, na karanga zilizoyagusa zimeota unga wa kijani chenye umanjano, rangi ileile aliyowahi kunionyesha bwana shamba. Dawa yangu ndiyo iliyozilowesha. Mama mkwe akasema tuwape kuku. Nikakataa: sumu ile inadhuru kuku kama inavyodhuru mtu, na hata ukizikaanga karanga haiishi yote. Nikafukia madebe mawili.

Msimu uliofuata majani niliyaanika kivulini mpaka yakawa yanavunjika kiganjani, nikayatwanga, nikachanganya unga wake na karanga zikiwa bado kwenye maganda. Zilizobanguliwa siziwekei, zitakuwa chungu. Karafuu nilichemsha kwenye sufuria iliyofunikwa, maji yake nikayapaka kwenye chaga na magunia matupu, kisha vyote vikakaa juani siku nzima kabla ya kupakia. Stoo ikanukia pilau mpaka watoto wakauliza kuna sherehe gani.

Na je, ilisaidia? Wadudu walipungua, hilo nililiona mwenyewe, na wadudu wakitoboa ganda ndipo ukungu unapopata mlango. Karafuu ina mafuta ambayo ukungu huu hauyapendi, lakini sidhani kama nilichopaka mimi kingeokoa karanga ambazo hazijakauka. Na sumu ikishaingia kwenye punje, hakuna jani la kuitoa.

Kazi kubwa ilikuwa kukausha. Nilianika juu ya turubai, nikageuza kila baada ya muda, jioni nikafunika. Kipimo changu ni sikio: natikisa ganda, punje ikigonga ndani kama njuga, imeanza kukauka, kisha naibangua, nasugua ngozi, ikibanduka yenyewe naamini.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyewahi kulihesabu kuwa kosa. Huku kwetu, kabla ya kubangua, watu hunyunyizia karanga maji ili maganda yalainike. Mama mkwe kafanya hivyo maisha yake yote. Nilipomwomba aache, alinitazama kama niliyemtukana.

"Mwanangu, karanga kavu utazibangua mpaka Krismasi. Vidole hivi unaviona?"

Niliviona, vimepasuka. Sikubishana. Nilienda kuazima mashine ya mkono ya kikundi, tukalipa kwa debe. Inavunja baadhi ya punje, kwa hiyo baada ya hapo tunakaa na ungo na kuchambua: zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zote kando. Mama mkwe ana jicho kali kunishinda, na sasa yeye ndiye anayenigombeza nikipitiwa.

Mwaka jana jirani alikuja kuziomba hizo za kando, azisage za kuuza sokoni. Nikamwambia, "Shoga, nimeshazifukia."

Nilikuwa bado. Nilizifukia jioni ileile.