Siku niliyofanya mtaa uulize nani amekufa

Mimi sikuwa nimepanga kuwa mpiga kengele, wacha niseme ukweli. Ilikuwa matangazo ya baada ya misa ya pili, katekista akasema mzee wetu wa kengele magoti yamemsumbua, anatafuta watu wa kujitolea wafundishwe, na hakuna malipo. Sijui nini ilininyanyua mkono. Tukawa watano: mimi, vijana wawili wa chuo, mama mmoja wa kwaya na fundi wa viatu wa pale stage. Tukawa tunakutana Jumatano na Jumamosi jioni chini ya mnara, na kusema kweli mandazi ya mama wa kwaya ndiyo ilitushikilisha wiki za kwanza.

Kichwani mwangu kengele ilikuwa ile ya shule ya msingi, rimu ya lori imening'inia kwa mti unaigonga na chuma. Wapi! Hii ya kanisa ina gurudumu huko juu na kamba imepitia kwa hilo gurudumu, ukivuta, kengele yenyewe inabembea na ulimi unagonga ukuta wake, halafu kamba inapanda tena na wewe lazima uiachie ipande bila kuitoa mkononi kabisa. Ukiing'ang'ania inakuinua (fundi wa viatu ilimnyanyua siku ya kwanza, sandali ikabaki chini). Mzee alikuwa anasema hii si kazi ya nguvu, unangoja kengele yenyewe ikuambie inarudi ndio unavuta kidogo tu. Mimi nilikuwa navuta kama mtu anateka maji kisimani.

Mzee ni mtu wa Mombasa, alikulia Kisauni, na hadithi aliyopenda ni ya Kengeleni. Eti watu hupita hapo na matatu kila siku wakiita makanga "shukisha Kengeleni" na hawajiulizi hilo jina limetoka wapi. Limetoka kwa kengele za Freretown, kijiji cha watu waliokombolewa utumwani kilichoanzishwa na wamisionari miaka ya 1870, zilikuwa zinagongwa kuwaonya watu wakiona hatari ya kutekwa tena. "Kengele inasema kitu," alikuwa anatuambia, "na watu wanaisikia hata kama wewe hujui umesema nini." Wale vijana nao walikuwa wanatuonyesha kwa simu video za Uingereza, watu wamesimama duara kila mtu na kamba yake, wanabadilisha mpangilio kila raundi. Kengele 6 zina mipangilio 720 bila kurudia hata mmoja. Sisi tulikuwa na moja na bado ilikuwa inatushinda.

Sasa, kitu muhimu: wakati wa mazoezi mzee alikuwa anafunga ulimi na gunia ndio tusisumbue watu. Kwa hivyo miezi miwili nilikuwa navuta kamba na sijawahi kujisikia. Niliona niko sawa kabisa.

Jumamosi moja akasema leo kengele ya sala ya Malaika wa Bwana, ile ya saa kumi na mbili jioni, ni yangu. Gunia likatolewa. Inagongwa tatu, unanyamaza kidogo, tatu, tatu, halafu tisa za mfululizo. Mzee akaketi kwa stuli nyuma yangu na kikombe cha chai. Nikavuta. Ngooo. Nikashtuka na hiyo sauti mpaka nikasahau kuvuta ya pili kwa wakati, kengele ikapoteza mbio, nikaanza kuitafuta upya, baada ya muda mrefu... ngooo. Ikaendelea hivyo, moja, kimya kirefu, moja, kimya, na mimi jasho inanitoka nahesabu kwa sauti. Haikunijia akilini kwamba hivyo ndivyo parokia yetu hutangaza msiba.

Nikiwa nimefika ya tisa hivi mlango ukafunguka kwa kishindo, mama mboga wa pale geti, kanga imefungwa kichwani, analia. Nyuma yake watu kama kumi na tano. Kumbe wamesikia kengele ya kifo, halafu wakasikia si mkono wa mzee, na kila mtu anajua mzee ni mgonjwa, wakaunganisha wenyewe. Mama akamwona pale kwa stuli na chai yake.

"Woi! Kumbe uko?"

"Niko. Nani amekufa?"

Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti wa jumuiya akatoa simu polepole akaanza kueleza kwamba, aa, unajua, group ilikuwa imeshafunguliwa, na kuna watu wametuma kitu kidogo cha kuanzia matanga. Kwa dakika kumi! Nairobi kodi hutachangiwa, lakini kufa jaribu uone.

Mzee akauliza imefika ngapi. Elfu moja mia nane na hamsini. Akanyamaza, akaangalia chai yake, akasema, "Miaka yote hiyo naamka saa kumi na moja, hata elfu mbili sijafika?"

Hapo watu walicheka mpaka mama mboga akakaa chini kwa sakafu na kanga yake. Mimi nilikuwa nimeshaachilia kamba nikasogea karibu na mlango nikitafuta njia ya kutokea. Mzee akanionyesha kamba na kikombe.

"Unaenda wapi, binti? Tisa za mwisho bado."

Nikazigonga, wote wamesimama nyuma yangu wakihesabu kwa sauti. Ya sita ilichelewa.