Nimezaliwa Nairobi na sai napiga hesabu ya kuihama

Ilikuwa saa tisa usiku nimesimama kwa veranda ya ploti yetu hapa Umoja, mpira kwa mkono, nangoja maji. Kwa ratiba maji huja kwetu mara mbili kwa wiki lakini yakija huja usiku wa manane na presha ndogo, mtu wa chini akifungua mfereji wake sisi wa juu tunabaki na hewa tu inapiga mluzi. Kwa hivyo unangoja wa chini wamalize. Nilijaza dramu mbili za buluu na mitungi sita nikamaliza ndege wakianza kulia, na saa kumi na mbili kasoro mzee wangu, yaani bwana yangu, akiwa anakunywa chai kabla atoke kwenda kazi Industrial Area nikamwambia, tuhame hii Nairobi. Sio mara ya kwanza nimesema hivyo, tunasemaga hivyo kila mwezi kodi ya nyumba ikifika, lakini hiyo asubuhi aliweka kikombe chini akaniuliza, sawa, tuhamie wapi?

Hapo ndipo nilinyamaza, na nataka niwaeleze kwa nini.

Mkenya akichoka na Nairobi anaambiwa arudi nyumbani. Nyumbani ni ushago, kuna kaboma, kuna ndizi nyuma ya nyumba, hata kama ni robo ekari ya kugawana na ndugu watano. Mimi nilizaliwa Pumwani, nikalelewa hapa hapa Umoja, nikasoma hapa, nikaolewa nikahama kutoka Umoja One kwenda Umoja Two. Mama yangu alitoka Machakos akiwa msichana, baba hakuachiwa shamba, na alipofariki tulimzika Lang'ata. Mtu akiniuliza kwenu ni wapi nikisema Nairobi anacheka kidogo halafu anauliza tena, hapana, kwenu kwenu. Sasa watu kama mimi, na kwa hii mji tuko wengi sana, ukituambia turudi nyumbani unatuambia twende wapi? Nyumbani ndio hapa, na ndio hapa panatushinda.

Basi nilichukua daftari. Mimi ni fundi wa nguo, nashona yunifomu na magauni kwa kibanda changu karibu na soko la Mutindwa, kwa hivyo hesabu za daftari nimezizoea. Nyumba ya bedrumu mbili tunalipa 24,000, hiyo hiyo nyumba tuliingia 2015 ikiwa 14,000 na hakuna msumari umeongezwa. Mama anakaa kwa chumba chake hapo chini, 8,000, hiyo pia ni sisi. Watoto wawili wako shule ya praiveti, si ya kifahari, ni zile za mabati na walimu wachanga wenye bidii, 18,000 kwa kila mtoto kila muhula, na tuliwapeleka huko kwa sababu ile ya serikali iliyo karibu darasa moja lina watoto wengi hadi wengine wanaandikia kwa mapaja. Nauli ya mzee mia mbili kwa siku, ikinyesha jioni makanga wanapandisha na huna la kufanya, utapanda ama utalala tauni, katikati ya jiji. Maji ya mkokoteni ratiba ikiruka, mtungi shilingi 30, ukame ukikaza 50. Na hapo sijaandika chakula.

Najua kuna mtu atasema si mhamie Kamulu ama Joska, ni barabara hiyo hiyo ya Kangundo Road. Tulienda tukaona. Nyumba ni rahisi kweli lakini maji ya kisima ya huko yana chumvi hadi sabuni haitoi povu, na mzee angetoka saa kumi na nusu asubuhi ndio afike kazini saa moja. Hiyo si kuhama, ni kujiongezea safari.

Nakuru ilikuja kwa sababu wifi yangu anakaa huko, upande wa Free Area. Tulipanda matatu Nyamakima Jumamosi moja, mia tano kila mtu, karibu kilomita 160. Mimi Nakuru nilikuwa naijua kwa kupita tu nikienda matanga, sikujua imekuwa mji mkubwa hivyo. Ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na unaona inajengwa kila mahali, lakini bado mtu anaweza kutoka nyumbani mpaka soko kwa tuktuk ya shilingi 50 na arudi kupika kabla mchana uishe. Sokoni nilinunua viazi vya Molo na kabeji kubwa nikaona aibu ya bei niliyokuwa nalipa Mutindwa, maana kumbe vile viazi vinatoka hapo karibu tu, sisi Nairobi tunalipia lori, dalali na makuli wa Marikiti kabla vifike kwa mama mboga.

Tukaonyeshwa nyumba. Bedrumu tatu, 17,000, na mama mwenye nyumba anakaa kwa hiyo hiyo ploti. Niliingia jikoni kitu cha kwanza nikafungua mfereji. Maji yakatoka. Nikaufunga, nikaufungua tena, yakatoka tena, saa saba mchana, siku ya Jumamosi. Mzee wangu aliniona nimesimama hapo nikiyaangalia na hakusema kitu.

Lakini sikuwa nimefika kununua sura, nikamuuliza yule mama, haya maji ni ya kunywa? Akaniambia ukweli na ninamheshimu kwa hilo, akasema ni ya kisima, ni ya kufua na kuoga, ya kunywa ananunua. Maji mengi ya chini ya ardhi huko Bonde la Ufa yana floraidi nyingi kwa sababu ya ile miamba ya volkano, ndiyo maana utakuta watu waliokulia huko meno yao yana rangi ya kahawia, si uchafu, ni maji waliyokunywa wakiwa watoto meno ya ukubwani yakijengeka ndani ya ufizi. Sisi watu wazima hayatubadilishi meno tena lakini kadogo wangu ana miaka mitano, yeye ndiye yuko kwa hatari. Na kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki pale pale. Kuna chujio za mkaa wa mifupa ambazo zinatengenezwa Nakuru yenyewe na watu wanazitumia, ama uvune maji ya mvua. Niliandika kwa daftari, chujio, kabla niandike kitu kingine chochote.

Tukarudi Nairobi nikakaa na hesabu. Wacha niiweke hapa wazi kwa sababu nimesoma watu wakisema hama tu utaokoa nusu ya pesa yako, na mimi sikuiona hiyo nusu.

Sai nyumba mbili, yetu na ya mama, ni 32,000. Nakuru sote kwa moja ni 17,000. Hapo tumeokoa 15,000 kila mwezi, nikafurahi. Lakini mzee wangu kazi yake iko Industrial Area, anafanya weldingi kwa kampuni, hawezi kuamka tu akaacha mshahara. Kwa hivyo itabidi achukue bedsita hapa Nairobi, mtaa wa Pipeline, 7,500, na arudi Nakuru kila wikendi, nauli kwenda na kurudi mara nne kwa mwezi ni 4,000, na hiyo ni kama si Desemba kwa sababu Desemba nauli inaweza kupanda mara mbili na barabara inafungana kuanzia Kinungi. Hiyo ni 11,500. Toa.

Inabaki 3,500.

Niliangalia hiyo namba kwa muda mrefu. Elfu tatu na mia tano ndio ningepewa nikiacha mji niliozaliwa, wateja wangu, kanisa, majirani wanaojua watoto wangu kwa majina, na baba yao akiwa mbali siku tano kwa wiki.

Na kuna vitu havishuki hata ukihama mara ngapi. Stima bei yake ni ya nchi nzima. Petroli inatofautiana kidogo tu mji kwa mji, tena bei inatangazwa tarehe 14 kila mwezi kwa wote, na sote tunakumbuka Septemba 2023 lita ilipopita shilingi 200, hakuna kaunti ilijificha. Nasikia Marekani mtu akihama jimbo ushuru wa mshahara unaweza kubadilika, wengine wanahama kwa sababu hiyo, lakini kwetu PAYE ni ile ile uwe Nairobi ama Lodwar. Ile tozo ya nyumba ya 1.5% inakatwa kwa mshahara, SHIF ya bima ya afya 2.75% inakatwa, NSSF ya uzeeni inakatwa, na payslipu ya mzee haitajua kama familia yake inalala Umoja ama Free Area.

Kwa upande wangu tena kuna kazi. Vitambaa nanunua Eastleigh kwa jumla, zipu na vifungo tauni, na nikikosa uzi wa rangi fulani naupata siku hiyo hiyo. Nakuru maduka yako lakini mengi yanabeba kutoka Nairobi na wanaongeza chao. Na nina daftari lingine, la vipimo, nimelianza 2011, lina viuno na mabega ya nusu ya Umoja. Kuna msichana nimemshonea sare ya chekechea hadi gauni la harusi. Huwezi kuhamisha daftari kama hilo, yaani karatasi utabeba lakini watu watabaki.

Kwa wiki mbili nikaamua basi, tunakaa. Nikamwambia mzee tukaze mshipi tungoje.

Kilichonirudisha ni yeye. Sio mtu wa maneno mengi. Jioni moja ametoka kazini akaniuliza kama nakumbuka ile nafasi tuliyopita Nakuru kando ya barabara, penye kulikuwa na fundi anauza milango ya chuma. Nikamwambia nakumbuka. Akaniambia alimpigia simu wifi aende aulize, na kibanda kama kile, cha mabati, kina stima, ni 6,000 kwa mwezi. Hapa Umoja tulishawahi kuuliza nafasi kama hiyo, tukaambiwa 20,000 pamoja na gudwili, pesa ya kuingilia, ambayo sitataja, na zile za bei nafuu ziko juu ya rodi rizavu, ardhi ya barabara, siku tingatinga ikija unapoteza hadi mashine. Ana miaka kumi na tisa akichomelea milango ya watu wengine. Anaweza kutengeneza geti ukaliangalia kama kitambaa cha kudarizi. Na kila mwaka tumesema mwaka ujao atafungua yake, na kila mwaka kodi ya nyumba na karo imekula ile pesa ya kuanzia.

Ndipo nikaona nilikuwa nahesabu kitu tofauti na chenye tulikuwa tunahitaji kuhesabu. Mimi nilihesabu bei ya kuishi. Yeye alikuwa anahesabu bei ya kujaribu. Hapa Nairobi ukifungua biashara ikalala miezi mitatu, umefungiwa mlango na keateka, msimamizi wa ploti, na vitu viko nje, huna nafasi ya kukosea hata mara moja. Kule ikilala miezi mitatu umeumia lakini bado uko ndani ya nyumba. Hiyo tofauti haikuwa kwa daftari langu na ndiyo kubwa kuliko zote. Akae bedsita mwaka mmoja, anunue mashine polepole, wikendi achukue vikazi vya Nakuru ajulikane, halafu aache kampuni. Hizo 11,500 si za milele. Na mkubwa anamaliza Gredi 6 mwaka huu, anaingia junia, ni wakati mzuri wa kubadilisha shule kuliko katikati. Ile ya serikali karibu na Free Area niliingia nikaona madarasa kwa macho yangu, wamejaa lakini kila mtoto alikuwa na dawati.

Ilibaki Mama. Niliogopa kumwambia kuliko nilivyoogopa landilodi. Ana miaka 71, amekaa Umoja karibu tangu nyumba za kwanza zijengwe miaka ya 70, kliniki yake ya presha iko hapa, chama chake kiko hapa, na baba yuko Lang'ata. Nilimkuta anachambua maharagwe nikakaa chini nikamweleza yote, hata ile ya 3,500. Aliendelea kuchambua. Akaniuliza, nyumba ina ngazi? Nikamwambia hapana Mama, ni chini. Akauliza, na hiyo hospitali yao ni mbali? Nikamwambia ni tuktuk moja. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilitoka kwetu nikiwa na miaka 19 na sanduku la mbao, nilidhani nakuja miaka miwili." Hakuongeza. Baadaye kidogo akaniomba tumpeleke Lang'ata kabla ya kuhama, tupande ua jipya, na tutampeleka.

Notisi tulipeana wiki jana. Mwenye nyumba alisoma akasema sawa, na kufikia jioni keateka alikuwa ameshaleta watu wawili kuangalia nyumba. Nimewapigia wateja wangu wa yunifomu wa kila Januari, shule moja imekubali nitume kwa matatu kama parseli, ingine imekataa na naielewa. Kesho naenda Eastleigh kubeba vitambaa vya kunifikisha Aprili.

Jana tulikuwa tunapanga vya kubeba na vya kuuza. Nikaweka zile dramu za buluu upande wa kuuza maana zinajaza gari na kule maji yako. Nilipotoka jikoni nilizikuta zimerudishwa upande wa kubeba, zimefutwa zikauka, na Mama amezijaza blanketi na sufuria ndani hadi juu ili nisipate sababu.