Majina Matano Hayatoshi: Nilivyopima Mahusiano ya Watoto Wanaolelewa na Jamaa Kisumu

Nilipokuwa nikiandaa dodoso la kuwauliza watoto wanaolelewa na nyanya, shangazi na wajomba wanamtegemea nani, ushauri ulionikera kuliko wote ulikuwa huu: "Weka nafasi ya majina matano, yanatosha." Kikomo hicho kina historia. Utafiti wa kijamii wa Marekani wa 1985 uliwauliza watu wazima huzungumza na nani mambo yao muhimu, kisha ukachukua maelezo ya watano wa kwanza tu.

Mtoto wa Nyalenda, mtaa wa Kisumu, anayelelewa na nyanya yake hujaza nafasi hizo tano kwa watu wa nyumba moja. Watu watano hufanya jozi 10, na kwa kuwa wote wanafahamiana, msongamano wa mtandao, yaani sehemu ya jozi zinazofahamiana, unatoka 1. Mtoto wa pili naye 1, wa tatu 1. Namba isiyobadilika haiwezi kulinganishwa na chochote, hata ukiwa na programu ghali namna gani. Tena waliokatwa ndio tuliowahitaji: mwenye duka anayekopesha unga, mwalimu anayejua nani amekuja shule na njaa, mama wa kanisani. Mwanasosholojia Mark Granovetter alishaeleza mwaka 1973 kwamba watu wa mbali kidogo ndio wanaoleta habari ambazo wa karibu hawana.

Kikomo nikakiondoa. Swali la "rafiki zako ni nani" nalo nikalitoa, nikauliza vitendo: Mara ya mwisho ulipougua, nani alikupeleka zahanati? Kalamu ikiisha unamwambia nani? Jioni pasipopikwa, unaweza kula kwa nani? Kuhusu wazazi hatukuuliza kabisa, maana wapo watoto ambao bado hawajaambiwa kilichotokea.

Lililotufaa kuliko yote ni punje za mahindi. Chora duara tatu, moja ndani ya nyingine, kwenye karatasi ya manila, na mtoto awe katikati; duara la ndani ni la walio karibu naye zaidi. Kila jina ni punje moja, naye aiweke mwenyewe. Usimwonyeshe mahali. Utaona anaiweka ya mjomba duara la ndani, anaitazama, kisha anaisukuma hadi la nje. Andika mahali pa mwisho, lakini weka alama kwamba ilihamishwa. Mlezi akae mahali anapomwona mtoto ila hasikii. Akisogea karibu, punje za nje ya ukoo hupungua.

Kusanya majina yote kwanza, maelezo baadaye. Ukiuliza umri, kazi na makazi baada ya kila jina, mtoto anagundua upesi kwamba jina jipya huzaa maswali mapya, ananyamaza. Wahojaji nao hugundua hivyohivyo. Kila Ijumaa linganisha wastani wa majina kwa kila mhojaji. Wa mmoja ukishuka wiki hadi wiki, fuatana naye uwanjani.

Mtu mmoja anaweza kutajwa kama "Mama Akinyi", "nyar Ugenya" (binti wa Ugenya, kwa Kijaluo) na "mwalimu wa Sunday school". Usipooanisha majina siku hiyohiyo, mtandao unavimba bure.

Kibali cha NACOSTI (tume ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti), afisa wa watoto, idhini ya mlezi na ridhaa ya mtoto, hayo kila mtafiti anayajua. Kupata orodha ya watoto ndiyo kazi: malezi mengi ya jamaa hayapiti mahakamani wala ofisini, kwa hiyo tulipita nyumba kwa nyumba na mzee wa mtaa. Manila na mahindi ni pesa kidogo. Bajeti huliwa na nauli za boda.

Nyumba moja ikiwa na watoto kadhaa, usiwahesabu kama wasiohusiana, maana majibu yao yanafanana. Chukua watoto watatu kwa nyumba na uwiano wa kufanana kwa majibu yao wa 0.4 (0 ni kutofanana kabisa, 1 ni kufanana kabisa): 1 + (3 − 1) × 0.4 ni 1.8. Gawanya 180 kwa 1.8: watoto 180 wana uzito wa watoto 100 tu wasiohusiana. Fanya hesabu hiyo kabla ya kwenda uwanjani. Ukikuta sampuli haitoshi, ongeza nyumba. Kuongeza watoto katika nyumba zilezile hakusaidii sana.