Kabla hujaingia kwenye semi za Kongo

Wadogo zangu mnaotaka semi za transiti, yaani malori ya tela yanayopeleka mzigo nchi jirani, leseni daraja E ni mwanzo tu. Ongeza pasipoti na kadi ya homa ya manjano, maana tajiri, mwenye gari, hakupi gari la Lubumbashi bila hivyo.

Dar mpaka Tunduma, mpakani na Zambia, ni zaidi ya kilomita 900, na nyingi ni za kukaa tu kwenye usukani. Shughuli ipo mlima Kitonga, kule Iringa. Ukiteremka na mzigo, ingia gia ya chini kabla mteremko haujaanza, acha breki ya egzosi (ya injini) ishike, pedali iguse kwa vipindi. Ukikanyaga mfululizo ngoma za breki zinachemka, breki zinalegea, na kwa mwendo huo gia ya chini haiingii tena. Anayeweka frii (gia huru) ili abakize dizeli ya kuiba, usipande naye hata kama ni mjomba.

Mizani nayo: uzito wa jumla huwa sawa, ekseli moja ikazidi kwa sababu mzigo umelalia mbele. Kagua unapopakia, usisubiri mizani ya Vigwaza.

Foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, huweza kula siku kadhaa. Kabla hujasaini uliza: posho ni ya safari au ya siku? Turubai likichanika, nani analipa?